Damu ya bingwa husomwaje

Mkimbiaji Faith Kipyegon alikulia Ndabibit, upande wa Keringet katika kaunti ya Nakuru. Hajawahi kushtakiwa kwa pufya. Hata hivyo, siku hizi rekodi yoyote ikivunjwa minong'ono huanza papo hapo. Wapo wanaosema muda ule si wa binadamu. Wapo wanaojibu kwamba amepimwa mara chungu nzima na hakukutwa na kitu. Mimi naona pande zote mbili zinakosea.

Tuanze na muda. Katika mita 1,500, Kipyegon alikimbia 3:56.41 mwaka 2016, 3:51.07 mwaka 2021, 3:49.11 mwaka 2023, na 3:48.68 Julai 2025. Amepunguza sekunde zisizofika nane kwa miaka tisa, na katikati ya safari hiyo viatu vipya vimeingia pamoja na taa za kuongoza kasi uwanjani. Ruth Chepng'etich yeye aliishusha rekodi ya dunia ya marathoni kwa karibu dakika mbili kwa mkupuo, Chicago, Oktoba 2024: 2:09:56. Machi 2025 mkojo wake ukakutwa na haidroklorothiazaidi, dawa ambayo wagonjwa wa presha humeza na ambayo huweza kuficha dawa nyingine. Akafungiwa miaka mitatu. Rekodi imebaki, maana sampuli ya Machi haithibitishi alichofanya Oktoba. Inauma, lakini sheria ni hiyo.

Hoja ya "hakukutwa na kitu" nayo ilivunjwa na Rhonex Kipruto, aliyekimbia kilomita 10 kwa 26:24 mjini Valencia mwaka 2020. Hakushtakiwa kwa dawa iliyoonekana kwenye mkojo. Iliyomponza ni pasipoti ya damu, yaani kumbukumbu ya vipimo vya damu yake vya muda mrefu: mwaka 2024 alifungiwa miaka sita na rekodi ikafutwa.

Mfano wa kinachonaswa na pasipoti hiyo ni EPO, homoni ya figo inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu, ambayo wadanganyifu hujidunga. Dozi ndogo ya sindano hupotea kwenye mkojo upesi, pengine usiku mmoja tu. Damu haisahau haraka hivyo. Mtu akiacha sindano, mwili hugundua kwamba chembe zimezidi na kupunguza kazi: hemoglobini iko juu, ilhali chembe changa ni chache mno. Mwili wenye afya ni nadra kuonyesha picha hiyo.

Je, mtu wa Keringet, ambaye hewa nyepesi imemwongezea hemoglobini kihalali? Ndiyo maana analinganishwa na damu yake mwenyewe ya miezi na miaka iliyopita, si na ya mkazi wa Brussels. Kabla ya kutolewa damu husubiri saa mbili baada ya mazoezi, hukaa kitako dakika kumi, na kwenye fomu hujibu kama amekuwa nyanda za juu wiki mbili zilizopita. Wataalamu huisoma grafu bila kujua jina.

Kasoro ni kwamba pasipoti huhitaji sampuli nyingi. Mabingwa walio kwenye orodha ya kupimwa hutaja kila siku saa moja na mahali watakapopatikana. Kukosekana mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa la kufungiwa. Kijana anayekimbilia zawadi za mbio za barabarani, asiye kwenye orodha yoyote, hana pasipoti ya kusomwa. Kama ningegawa pesa za vipimo, ningeanza na huyo.