Krimu ya Kukinga Jua na Hatari ya Saratani ya Ngozi

Je, krimu ya kukinga jua hupunguza kweli hatari ya saratani ya ngozi? Swali hili laonekana jepesi, lakini jibu lake lilichukua miaka mingi kupatikana. Chunguzi kadhaa zililinganisha wanaojipaka krimu na wasiojipaka, na baadhi yake zilikuta saratani nyingi zaidi kwa wanaojipaka. Wako waliodhani kwamba krimu yenyewe ndiyo chanzo cha maradhi. Kumbe wanaojipaka sana mara nyingi ndio wenye ngozi iunguayo upesi, tena ndio wakaao juani muda mrefu. Miavuli huonekana kwa wingi siku ya mvua, wala si miavuli iletayo mvua.

Ili kuondoa utata huo, ilibidi watu wagawanywe kwa kura. Jambo hilo lilifanyika Nambour, mji wa jimbo la Queensland, Australia, kati ya 1992 na 1996. Miongoni mwa watu wazima 1621, kundi moja lilipewa krimu na kuagizwa kujipaka kila siku kichwani, shingoni na mikononi; kundi la pili liliendelea na desturi yake. Matokeo yalikuwa ya namna tatu. Kwanza, saratani ya seli bapa, ianzayo katika tabaka la juu la ngozi, ilipungua kwa karibu 40%. Pili, saratani ya seli za msingi, iliyo ya kawaida zaidi kwa watu weupe, haikupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Tatu, miaka kumi baada ya jaribio kwisha, melanoma, iliyo hatari kuliko zote mbili, ilikuwa imewapata watu 11 katika kundi la krimu, na 22 katika kundi la pili.

Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa Afrika bila kupambanua. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, ambayo huzuia sehemu kubwa ya miali ya urujuanimno. Melanoma ya watu weusi hutokea mara nyingi kwenye nyayo, mahali pasipopigwa na jua. Krimu haina kazi hapo. Lakini mtu mwenye ualbino, awe Kongo au Tanzania, hana ngao hiyo ya maumbile, na saratani ya seli bapa huweza kumwanza angali kijana. Kwa ajili yake, mjini Moshi, Tanzania, ilianzishwa kazi ya kutengeneza krimu iitwayo Kilisun.

Hapa maana ya maneno yenyewe yafaa kuangaliwa. Kukinga si kufuta. Ngao hukinga mkuki, ila mwenye ngao hasimami wazi mbele ya adui kwa kuitegemea. Krimu yenye kipimo cha 30, ikipakwa kwa wingi, huzuia takriban 97% ya miali iunguzayo. Ikipakwa kidogo, au isiporudiwa baada ya jasho, kinga hupungua sana. Kofia pana, mikono mirefu na kivuli cha saa sita hubaki kuwa kinga za kwanza.

Madukani krimu hiyo huwekwa pamoja na vipodozi. Kwa wengi hilo halina madhara. Kwa mwenye ualbino, krimu ni dawa, na bei yake huamua kama mtoto atakwenda shule akiwa amekingwa au la.