Stelingi hafi, lakini ni nani anayeanguka?

Wewe msee wa Makutano kule Meru, na wewe wa Dallas hapo Embu, hebu niambie: muvi ya mwisho ya mangumi uliyotazama, unamkumbuka nani? Stelingi, bila shaka. Yule jambazi aliyerushwa juu ya meza akala vumbi, hata jina lake hulijui. Tumekua tukimcheka kwenye vibanda vya video, DJ Afro akimwongezea matusi. Lakini ngumi ya stelingi haina uzito kama hakuna mtu anayejua kuipokea.

Ukitaka kuona hiyo kazi ikifanywa bila pesa, vuka mpaka hadi Wakaliga, mtaa wa mabanda jijini Kampala. Huko Isaac Nabwana, jamaa aliyekuwa akifyatua matofali, alianzisha Ramon Film Productions mwaka wa 2005. Muvi yake ya 2010, Who Killed Captain Alex?, iligharimu chini ya dola 200. Helikopta zake za kompyuta zitakuchekesha, sikatai. Sasa itazame tena ukiwaangalia wale wanaoanguka.

Adui mkuu humo ni Richard, bosi wa Tiger Mafia, aliyeigizwa na Ernest Sserunya. Anafoka mpaka unamwogopa. Upande wa pili yuko Bruce U, yaani Charles Bukenya, mtu wa kung fu. Kamera ikizimwa, Bruce U ni mwalimu: anafundisha wenzake kupigana, hata watoto wa mtaa. Naye Dauda Bisaso anaunda bunduki kwa vyuma chakavu, halafu anaingia kuigiza.

Kuna kitu kimoja walijifunza kwa uchungu. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe. Mwigizaji akaugua, wakaiacha. Wakahamia rangi nyekundu ya chakula ndani ya kondomu, inafungwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Ukivuta, inapasuka kifuani. Ni rahisi, inapendeza kwa kamera, na hakuna anayelazwa.

Sasa turudi huku kwetu. Vijana wanarekodi klipu kwa simu, na kila mtu anataka kuruka kutoka juu ya paa ili ipate views. Ukivunjika uti wa mgongo, hizo views hazitakusukumia kiti cha magurudumu.

Kwa hivyo anza chini. Jifunze kuanguka ukiwa umechuchumaa, juu ya godoro. Kidevu kifuani, ili kisogo kisigonge. Usitue kwa mkono ulionyooka, kifundo kitavunjika. Biringika, uzito usambae. Kwa kuruka, panga maboksi matupu na magodoro juu yake, na anza na kimo cha goti. Ngumi nayo haihitaji kukugusa: ipite mbali na uso, kamera iwekwe mahali ambapo hilo pengo halionekani. Fanyeni mazoezi polepole mara nyingi kabla ya kurekodi.

Na ukiitwa kuigiza jambazi, usiulize kwanza utaonekana mara ngapi. Uliza ni nani atalipa hospitali ukiumia. Akikujibu kwa kicheko, mwache aruke mwenyewe. Adui mzuri ni yule anayekufa leo kwenye muvi, na kesho anaamka mzima kwenda kufa tena.