Jarida Hupimwa kwa Miaka Miwili, Makala Hudumu Thelathini

Mwaka 1992 Alexander Wendt alichapisha katika jarida la International Organization makala iliyodai kwamba dunia kukosa serikali moja hakuzilazimishi nchi kuwa maadui. Uadui huo huujenga zenyewe. Hadi leo wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa huirejelea. Ajabu ni kwamba, katika kipimo maarufu kuliko vyote, ililiongezea jarida lake alama kwa miaka miwili tu: 1993 na 1994.

Kipimo hicho, kigezo cha athari, chimbuko lake ni kazi ya Eugene Garfield wa Philadelphia, ambaye taasisi yake ilianza kuorodhesha marejeo ya sayansi mwaka 1964 na ya sayansi za jamii mwaka 1973. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Alama ya 2024 hupatikana kwa kuhesabu ni mara ngapi, ndani ya mwaka huo, jarida limerejelewa kwa yale liliyochapisha 2022 na 2023, kisha kugawanya kwa idadi ya makala zake za miaka hiyo.

Kwa wanabaiolojia, ambao hujibizana upesi, muda huo unaweza kutosha. Kwetu katika uhusiano wa kimataifa, makala hukaa kwa wasomaji wahakiki, ikarudishwa, ikaandikwa upya. Anayetaka kuijibu naye hupita njia ileile. Akitoa jibu lake, dirisha limeshafungwa. Alama ya miaka mitano, iliyoongezwa baadaye, inatutendea haki zaidi, ingawa nayo ingemkosa Wendt kuanzia 1998.

Tena ni wastani, na wastani hudanganya. Jarida lenye makala 25 kwa mwaka hugawanya kwa 50. Makala moja ikirejelewa mara 100, alama hupanda kwa 2 nzima hata kama zile 49 hazikuguswa na mtu. Ndiyo maana kumpandisha mhadhiri cheo kwa alama ya jarida naona ni uvivu wa kamati: isomeni makala yake!

Na mizani hii hupima tu kinachofika kwenye orodha zake. Jarida la The African Review la Dar es Salaam lipo tangu 1971. Afisa wa wizara ya mambo ya nje akilitumia kuandaa msimamo wa nchi kabla ya mkutano, hakuna alama inayoongezeka popote.