Mtandao wa Nyumbani Ukikatika, Tutafute Kwanza Unapokatikia

Katika nyumba nyingi za askari wa siku hizi, mbali na redio na televisheni, kimeingia chombo kingine kidogo chenye vitaa vinavyopepesa usiku na mchana. Chombo hicho huitwa ruta. Kazi yake ni kuipokea intaneti iliyoletwa nyumbani kwa waya au kwa mawimbi ya mnara wa simu, kisha kuigawa hewani kwa simu za mkononi, kompyuta na televisheni za nyumba nzima. Kinapofanya kazi vizuri hakuna anayekikumbuka. Kinapoanza kukata na kuunga, kukata na kuunga, watu wote wa nyumba hupiga kelele.

Malalamiko hayo tusiyadharau. Tangu mwaka 2007 maelfu ya askari wa Uganda wamepata kutumikia Somalia, na wengine wengi, wanajeshi kwa polisi, hufanya kazi mbali na jamaa zao. Kwa askari wa namna hiyo, dakika kumi za kumwona mtoto wake usoni wakati wa jioni ndizo zilizochukua mahali pa barua ya nyumbani. Mazungumzo yakikatika katikati ya habari ya ugonjwa, aliye mbali hubaki na mashaka usiku kucha, na mtu mwenye mashaka hawezi kushika lindo lake barabara. Kwa hiyo yafaa tulizungumze jambo hili kwa makini.

Tumeona kwamba watu wengi, ruta inapowasumbua, huanza na dawa kabla ya kujua ugonjwa. Mmoja huizima na kuiwasha kila saa. Wa pili huchomeka sindano katika kile kitundu kidogo cha nyuma, akafuta mipango yote iliyowekwa na fundi, na sasa ana matatizo mawili badala ya moja. Wa tatu hukimbilia dukani kununua ruta mpya, na hiyo mpya nayo hukatika kama ile ya zamani. Askari wa mawasiliano hawakufundishwa hivyo. Waya wa simu ukikatika porini, fundi haitupi simu. Huufuata waya kipande kwa kipande, akipima kila hatua, mpaka apafikie pale ulipokatikia. Njia hiyo hiyo ndiyo tunayoipendekeza kwa wasomaji wetu.

NJIA NI MBILI

Hapana budi tuelewe kwanza kwamba kile tunachokiita kwa jina moja "mtandao" kina njia mbili. Njia ya kwanza yatoka kwa kampuni ya intaneti hadi kwenye ruta. Njia ya pili yatoka kwenye ruta hadi kwenye simu iliyo mkononi mwako, nayo hupita hewani. Ikikatika njia yoyote kati ya hizo, mtumiaji huona jambo lile lile: ukurasa haufunguki, picha imeganda. Lakini dawa za njia hizi mbili hazifanani hata kidogo.

Kuzitenganisha si kazi ngumu. Mtandao unapokatika, tazama alama ya waifai kwenye simu yako. Ikiwa alama imetoweka, au simu yasema inajaribu kuunganishwa tena, shuku njia ya hewani. Ikiwa alama imesimama imara lakini hakuna kinachofunguka, shuku njia ya kampuni. Kisha uthibitishe. Andika kwenye simu ile anwani iliyobandikwa chini ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa wa ruta ukifunguka upesi ilhali tovuti za nje hazifunguki, basi hewa ya nyumbani kwako ni salama, na mkatiko uko mbele ya ruta. Mwenye kompyuta aweza pia kuiunga na ruta kwa waya. Ikiwa kompyuta ya waya yaendelea vizuri huku simu zikikatika, kesi imekwisha: kosa liko hewani.

Jambo la pili ni kuandika. Kila kituo cha polisi kina kitabu cha matukio, na kila afisa ajua kwamba tukio lisiloandikwa saa na mahali haliwezi kupelelezwa. Kwa siku tatu, andika saa mtandao ulipokatika, ulirudi baada ya dakika ngapi, taa zipi za ruta zilikuwa zikiwaka, ni simu moja iliyokatika au zote, na nini kilikuwa kikiendelea nyumbani wakati huo. Aghalabu kitabu hicho chenyewe humtaja mkosaji. Mtandao unaokatika kila jioni, unaokatika mvua inaponyesha, na unaokatika chakula kinapopashwa moto, hiyo ni mitandao mitatu yenye magonjwa matatu mbalimbali.

UMEME NA JOTO

Taa za ruta zikizimika zote kwa mara moja kisha zikaanza kuwaka upya moja baada ya nyingine, elewa kwamba chombo kimezimika na kuwaka tena. Hapo usiulaumu mnara wala jirani, tazama umeme. Ruta nyingi hutumia volti 12 kutoka kwenye adapta ndogo inayochomekwa ukutani. Adapta hiyo huchoka kabla ya ruta yenyewe, na ikichoka huendelea kuwasha taa lakini haina nguvu ya kutosha wakati watumiaji wanapokuwa wengi. Kadhalika wako watu waliopoteza adapta ya ruta wakaazima ya chombo kingine kwa kuwa tundu lilikubali. Kukubali kwa tundu hakutoshi. Volti lazima ziwe sawasawa na zile zilizoandikwa kwenye ruta, ncha chanya na hasi zisipishane, na ampea zisipungue. Zikizidi hakuna madhara.

Joto nalo ni adui wa kimya. Ruta iliyofungiwa kabatini, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, au iliyowekwa juu ya televisheni, hupata moto mpaka ikayumba. Iweke mahali pa wazi na pa juu, penye hewa, mbali na jua la dirishani.

Ikiwa umeme ni mzuri na mkatiko uko upande wa kampuni, kagua viungo vyako kabla ya kupiga simu. Waya wa faiba una uzi mwembamba wa kioo ndani yake, na ukikunjwa sana mwanga haupiti. Katika vyombo vingi taa nyekundu kando ya herufi LOS maana yake ni kwamba mwanga haufiki. Usiuchungulie ncha waya huo kwa jicho, kwani mwanga wake hauonekani nao waweza kudhuru. Kwa wale wanaotumia ruta ya kadi ya simu, isogezeni karibu na dirisha linaloelekea mnara, na mhakikishe kwamba kifurushi hakijakwisha. Ikiwa mkatiko huja saa za jioni tu, watu wote wanapokuwa nyumbani, yaelekea mnara umeelemewa, na hapo hakuna ruta mpya itakayokuokoa.

VITA VYA HEWANI

Tuje sasa kwenye hewa, ambako askari wana faida kuliko raia, maana wameshazoea simu ya upepo. Kila mwenye kuitumia ajua kwamba watu wawili wakibonyeza kuzungumza pamoja katika masafa yale yale, hakuna anayesikika. Ruta nazo ni simu za upepo. Nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaliyogawanywa katika chaneli 13 katika nchi nyingi na chaneli 11 huko Marekani. Lakini chaneli hizo zimebanana hata moja huingia ndani ya nyingine, na zile zisizogusana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11.

Fikirini basi nyumba za askari zilizojengwa ukuta kwa ukuta, kila familia ina ruta yake, na zote zinasema kwa pamoja. Ruta moja hungoja nyingine imalize. Zikiwa ishirini, kungoja huwa kurefu mpaka simu ikakata tamaa. Programu za kupima waifai, ambazo hupatikana bure kwa simu nyingi, huonyesha ni chaneli ipi iliyojaa. Fungua ukurasa wa ruta, uchague kati ya hizo tatu ile yenye watu wachache. Usichague ya 3 au ya 8 kwa kudhani umewakwepa majirani. Utakuwa umewasumbua wa pande zote mbili, nao watakusumbua wewe.

Katika masafa hayo hayo kuna mgeni mwingine. Jiko la mawimbi la kupashia chakula hufanya kazi kwenye megahezi 2450 hivi, na mlango wake ukivuja kidogo tu hufunika sauti ya ruta iliyo karibu. Kuna pia mabati. Wale waliowahi kukaa katika vile vibanda vya mviringo vya mabati vya kambi za polisi wanajua jinsi simu inavyopoteza mawimbi mlango unapofungwa. Chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka, na ukuta mnene wa zege huyapunguza sana. Ruta iliyo ndani ya nyumba ya namna hiyo haiwezi kumhudumia mtu aliyekaa nje chini ya mwembe.

Dawa ya msongamano ni kuhamia masafa ya gigahezi 5, ikiwa ruta na simu zinayakubali. Huko chaneli ni nyingi na wasemaji ni wachache, ijapokuwa mawimbi yake hayaendi mbali na huchoka upesi yakikutana na ukuta. Lakini wanaokaa karibu na uwanja wa ndege au kambi yenye rada wasikie jambo moja. Chaneli za 52 hadi 64, na za kuanzia 100 hadi 140, hutumiwa pia na rada, na sheria huipa rada haki ya kwanza. Ruta inayotaka chaneli hizo lazima isikilize angalau sekunde 60 kabla ya kusema. Ikisikia rada lazima ihame ndani ya sekunde 10, na isirudi kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30. Mwenye nyumba huona mtandao umetoweka ghafla, hajui kwamba chombo chake kimetii amri. Weka ruta kwenye chaneli ya 36, 40, 44 au 48, nawe utapumzika.

MGENI ASIYEALIKWA

Mwisho kuna sababu ambayo askari hasa hawana ruhusa ya kuipuuza. Pengine mtandao hukatika kwa kuwa watu usiowajua wanautumia, au kwa kuwa chombo chenyewe kimeingiliwa. Mwezi Mei 2018 wataalamu wa usalama wa kompyuta walitangaza kwamba programu mbaya iliyopewa jina VPNFilter ilikuwa imeingia katika vyombo visivyopungua 500,000, vingi vikiwa ruta za nyumbani na za ofisi ndogo, katika nchi zisizopungua 54. Iliweza kuiba maneno ya siri yaliyopita katika ruta, na pia kukiua chombo chenyewe. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliwaomba wenye ruta wazizime na kuziwasha upya. Wenye nyumba wengi hawakuwa na habari kwamba wanaishi na jasusi sebuleni.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa ruta uitazame orodha ya vyombo vilivyounganishwa, kama kamanda anavyohesabu watu wake asubuhi. Usichokijua, kitoe. Badilisha neno la siri la waifai, na lile la kuingilia ukurasa wa ruta ambalo kiwanda kiliweka. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na kamwe usitumie WEP, ambao ulivunjwa na wataalamu tangu mwaka 2001. Kisha tafuta mahali palipoandikwa kusasisha programu ya ruta, uisasishe. Marekebisho ya kiwanda huziba matundu ya wezi, na mara nyingi huponya pia kukatika kulikotokana na kasoro za programu.

Baada ya hatua zote hizo, ikiwa mkatiko ungali upande wa kampuni, nenda kwao na daftari lako. Mteja anayesema "mtandao wenu ni mbaya" huambiwa azime na kuwasha. Mteja anayesema kwamba kwa siku tatu, kati ya saa moja na saa tatu usiku, taa ya LOS iliwaka nyekundu mara tano ilhali ukurasa wa ruta ulifunguka, huyo hutumiwa fundi.

Nasi twawaasa ndugu zetu wa jeshi na polisi wasiuache ujuzi wao langoni mwa kambi wanaporudi nyumbani. Upelelezi ule ule unaomtafuta mhalifu kwa ushahidi, pasipo kumkamata wa kwanza aliyeonekana, ndio utakaouponya mtandao wa nyumba zao. Tena wawafundishe wake na watoto wao hatua hizi kabla ya kwenda safari ya kazi, maana siku chombo kitakapokata, mwenye nyumba yaelekea atakuwa ndiye yule aliye upande wa pili, akingojea sauti irudi.