Kukandika Chuma kwa Metali

Fundi akandikaye nyumba ya miti na udongo huko Kibiti aijua siri hii: udongo mkavu haushiki, na uliozidi maji huporomoka.

Ndege za Uingereza zilizoisaka manowari Königsberg katika delta ya Rufiji, mwaka 1914 na 1915, nyingi zilikuwa za miti na nguo. Joto na unyevu viliziharibu upesi. Ndege nyingi za leo ni za metali, na adui wao katika pwani hiyo ni hewa ya chumvi. Kwa hiyo mihimili ya magurudumu ya ndege kubwa aghalabu hukandikwa ganda la kinga.

Unga wa kabidi ya tungsteni, uliochanganywa na kobalti, hupulizwa kwa moto wa gesi na oksijeni, kwa mwendo unaoushinda ule wa sauti. Kila chembe igongapo chuma hutandazika kama chapati, ikapoa papo hapo.

Moto ukipungua, au bomba likiwekwa mbali mno, chembe hufika zimepoa na kupoteza mwendo. Ganda huwa na vitundu, na chumvi hupenya. Je, moto uzidishwe? La! Joto likizidi, kabidi hupoteza kaboni yake, na ganda huwa rahisi kuvunjika. Bomba nalo likikaribia mno, chuma chenyewe hupata moto kupita kiasi, na ganda huweza kubanduka.

Hata kabla ya kupuliza, chuma hukwaruzwa kwa chembe kali zirushwazo kwa hewa, kwani ganda hung'ang'ania mikwaruzo hiyo kama udongo unavyong'ang'ania fito.