Melanoma: tezi safi, lakini safari haijaisha

Mgonjwa wa melanoma, saratani inayoanzia katika chembe zinazoipa ngozi rangi yake, akiambiwa kuwa tezi zake za limfu ni safi, huona kuwa amepona. Majibu hayo yana uzito mkubwa, lakini si neno la mwisho.

Mjini Guangzhou, kusini mwa Uchina, ugonjwa huu hutibiwa katika Kituo cha Saratani cha Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, kilichoanzishwa mwaka 1964. Melanoma ya Wazungu mara nyingi husababishwa na jua. Wachina, kama Waafrika, huipata zaidi kwenye unyayo, kiganjani na chini ya kucha. Doa jeusi la unyayoni hudhaniwa kuwa alama ya mwiba, na mtu huchelewa kwenda hospitali. Ugonjwa wa mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, ulianzia katika kidole cha mguu.

Ili kujua kama saratani imeanza kuenea, daktari hudunga rangi ya buluu, au dawa yenye mionzi hafifu, kando ya uvimbe. Dawa hufuata mifereji ya limfu hadi tezi ya kwanza. Kwa ugonjwa wa mguu, tezi hiyo kwa kawaida huwa kinenani, pale unapotokea mtoki. Tezi hiyo hutolewa, ikakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini.

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wenye melanoma ya unene wa milimita 1.2 hadi 3.5. Miongoni mwa waliokutwa na tezi safi, asilimia 85 hawakuwa wameuawa na ugonjwa huo baada ya miaka 10. Kwa waliokutwa na saratani katika tezi, ni asilimia 62. Tofauti ni kubwa, lakini hao 15 katika kila mia walikuwa na majibu mazuri.

Kwa nini? Chembe chache huweza kukwepa hadubini, kubaki njiani kabla ya kufika kwenye tezi, au kupitia damu hadi mapafuni na kwenye ini. Uvimbe mnene, au wenye kidonda juu yake, huongeza hatari hiyo.

Zamani, tezi moja ikikutwa na saratani, zilizobaki ziliondolewa zote. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa upasuaji huo haurefushi maisha, na uliwaacha asilimia 24 ya wagonjwa na uvimbe wa maji, dhidi ya asilimia 6 ya wasiofanyiwa. Tukumbuke, hata hivyo, kwamba tafiti hizi zilihusu zaidi wagonjwa wa nchi za Magharibi, ambako melanoma ya unyayo ni nadra.

Mwenye tezi safi, basi, huendelea kurudi kliniki kwa miaka kadhaa, akikaguliwa ngozi, kovu na kinena. Kipele kigumu kikitokea kati ya kovu na kinena, asisubiri tarehe aliyopangiwa.