Mlio wa Difu ya Nyuma

Swali: Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne linavuma kwa nyuma. Utajuaje kama ni difu?

Usikimbilie kuandika "difu imekufa". Eleza kwanza mlio unabadilika lini. Gari likipanda Kitonga, Iringa, umekanyaga mafuta, pinioni husukuma gia kubwa ya difu kwa upande mmoja wa meno. Likishuka Mlima Nyoka, Mbeya, umeachia mafuta likiwa kwenye gia, mzigo huhamia upande wa pili wa meno. Kwa hiyo mvumo unaosikika ukipanda na kupotea ukishuka, au kinyume chake, huelekeza kwenye meno hayo.

Mvumo usiobadilika ukikanyaga au kuachia mafuta, ila hubadilika ukikata kona, mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Hapa wengi hukosea, na huko gereji mteja hununua difu nzima bure. Mshindo mmoja unapokanyaga mafuta? Anza na krosi za propela shafti.

Mwisho kagua oili. Unga laini kidogo kwenye sumaku ni kawaida ya gia. Vipande vya chuma ni meno au beringi zinazovunjika, na gari hilo lisiendeshwe tena.